Njia ya Baiskeli Inafunguliwa Jumatatu, Vigingi Bado

Mji wa Wote,
Alhamisi jioni

Baba mpendwa,

Injinia wa barabara ametuambia waandishi leo asubuhi kwamba njia ya baiskeli hapa mjini itafunguliwa Jumatatu. Nilimuuliza kuhusu kipande cha mwisho, kati ya soko na geti la shule. Akasema rangi imeshapakwa, lakini vigingi vya kuzuia magari havijafika na havitangojwa. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu ndilo linaloninyima raha. Mjukuu wako Ndinda ndiye atakayepita hapo kila siku.

Sasa salamu. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko Kanyangi, ama bado inapita juu tu? Huku tulipata siku mbili na ndengu zimeota. Mimi na Ndinda tu wazima.

Simu ya Jumapili uliikata kabla sijamaliza, kwa hiyo nakuandikia. Barua haikatwi. Pasta anasafiri kesho kuja semina huko, nayo utaipata mkononi mwake.

Kwanza, sijafutwa kazi. Mwezi uliopita nilianza kwenda redioni kwa baiskeli. Unajua kwetu baiskeli ni ya mitungi ya maji. Mtu wa mshahara akionekana juu yake bila mtungi, watu hutafuta sababu, na akina mama wa kanisa waliipata. Walikuja kwangu wanne, wakiwa na unga, sukari na sabuni. Waliimba pambio, kisha wakaniombea Mungu anifungulie mlango mwingine. Nilikuwa nimefumba macho nikingoja kusikia ni nani aliyefiwa.

"Mama Ndinda, usione haya," mwenyekiti wao aliniambia. "Hata mzee wangu aliwahi kusimamishwa."

"Lakini mimi niko kazini. Jana si mlinisikia nikisoma habari za saa saba?"

"Tulikusikia. Tukasema, maskini, wamemwachia amalize mwezi."

Walikataa kurudi na unga wao. Mmoja wao ana dada huko Kanyangi, kwa hiyo sikuhitaji kuchunguza habari ilikufikiaje. Vijana wa bodaboda nao hawajachoka. Kila asubuhi wananiuliza, "Madam, mitungi umeacha wapi?"

Uliniambia kwamba uliendesha baiskeli miaka yote ya ualimu ili mimi nisiendeshe. Nimelifikiria sana neno hilo. Nina jambo moja ambalo sikukwambia. Bodaboda inayompeleka Ndinda shuleni hubeba watoto watatu, na muhula huu imeshamwangusha mara moja. Magoti yalichubuka, basi. Sina njia salama ninayoiacha, Baba. Ninalinganisha hatari mbili.

Jana alasiri tuliijaribu njia nzima, yeye mbele, mimi nyuma. Kutoka nyumbani hadi sokoni vigingi vipo, na niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kugeuka nyuma kila mara. Pale sokoni vigingi vinaisha, unabaki mstari tu. Juu ya mstari kulikuwa na pikapu ya magunia ya ndengu. Ndinda alifanya nilivyomfundisha: akatazama nyuma, akanyoosha mkono, akatoka kuizunguka. Lori la mchanga lilikuwa linakuja. Lilipiga honi bila kupunguza mwendo, likampita kwa nafasi isiyotosha mtu kusimama. Sikupiga kelele kwa sababu ningemshtua.

Nilipofika kwenye pikapu nilimwambia dereva kwamba ameziba njia.

"Nashusha tu, mama, dakika mbili. Hiyo rangi ni ya nini?"

"Ya baiskeli."

Akatazama barabara juu, akaitazama chini. "Baiskeli gani?"

Hakukuwa na nyingine ila zetu mbili.

Ndinda alikuwa ananingoja getini. "Mum, uliona nilinyoosha mkono?"

"Niliona."

"Sasa mbona hunisifu?"

Leo, wenzangu walipoondoka, nilibaki na injinia nikamweleza. Akaniuliza kama nazungumza kama mwandishi au kama mzazi. Nikamwuliza kama majibu ni tofauti. "Kama mzazi," akasema, "mimi ningengoja. Lakini wiki ijayo tunahesabu watu wanaopita pale. Tukikuta hakuna mtu, vigingi vitapelekwa mji mwingine, na hata hivi vilivyopo vitang'olewa."

Kwa hiyo wazazi wote tukingoja vigingi, vigingi haviji.

Nimeamua hivi. Hadi sokoni Ndinda ataendesha mwenyewe. Kuanzia hapo nitakuwa kando yake, upande wa malori. Tukikuta gari juu ya mstari tutashuka na kusukuma baiskeli ukingoni mpaka tulipite, hata wenzake wakimcheka, na amekubali kwa shingo upande. Mwenyekiti wa soko ameniahidi kwamba magari yatashusha mizigo upande wa pili. Ni ahadi ya mdomo, na sijui kama madereva wameisikia. Redioni nimeomba kuingia nikiwa nimechelewa wiki nzima. Sikuombi ruhusa, Baba. Nimekuandikia ili usiyasikie haya kwa dada wa mtu.

Msalimie Mama, na mwambie asiuze mbuzi kwa ajili yangu, mshahara bado unaingia. Msalimie shangazi wa dukani na wifi yangu Kaluki, mke wa kaka, aliyenishonea sare ya Ndinda. Inamtosha vizuri, ila nimeipandisha pindo isinaswe kwenye mnyororo.

Jumatatu tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Saa moja tunatakiwa kuwa getini, na saa moja na dakika kumi nitakupigia. Tafadhali simu iwe na chaji, na ukae nayo karibu.

Binti yako,
Mutheu