Kazi Nyepesi Jikoni

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimerudi kazini. Ni miezi miwili kasoro tangu nianguke pale pale jikoni shuleni, mwiko mkononi, mdomo umeenda upande. Stroku, daktari alisema. Mimi — miaka arobaini na nne. Nilidhani stroku ni ya wazee.

Mkono wa kushoto bado mzito, kama nimeuazima. Mwalimu Nkwabi anayesimamia chakula kasoma barua ya hospitali: apewe kazi nyepesi. Akacheka, si kwa ubaya. Akauliza jikoni kwa wanafunzi mia sita kazi nyepesi ni ipi, mama? Kusonga ugali tu ni watu wawili wanasimama na miko mirefu kama kasia. Basi kasema nikae nichambue maharage, ataniangalia mwezi huu. Mwezi ukiisha ataamua.

Nikasema asante. Nilisema mara nne, mpaka nikajionea aibu.

Jumanne, 4 Februari 2025

Nachambua. Tuko wawili, mimi na Odeta, binti mpya wa kutoka Kisesa. Mtoto wake yuko mgongoni, miezi minane. Kila mmoja na ungo wake, tunamwaga kwenye ndoo moja.

Modesta ndiye mkubwa wetu jikoni. Ugali tumesonga naye miaka kumi na tisa, yeye upande ule, mimi upande huu. Leo kasimama na mwingine. Kaniita kutoka kwenye moshi: "Mama Precious, siku hizi wewe bosi, kazi unafanyia kwenye kiti." Wakacheka wote. Nikacheka na mimi. Mdomo haukuja wote.

Nikaenda stoo nikalia kidogo. Nikarudi.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Nimechoka. Nimejigonga mlangoni tena, bega la kushoto. Binti yangu Precious kauliza hiyo michubuko ya nini. Nikasema haraka zangu.

Odeta anaimba akichambua. Akimaliza nyungo tatu mimi nina moja. Hasemi kwa mtu. Kaniambia, "Mama, wakiuliza, ni nusu kwa nusu."

Ijumaa, 7 Februari 2025

Balaa. Mchana Masele, kijana wa kidato cha pili, kauma jiwe kwenye maharage. Jino limepasuka, damu kwenye sahani. Wanafunzi wakaanza kupekua sahani zao. Kokoto si moja, si mbili.

Mwalimu Nkwabi kaja jikoni. Nani kachambua? Modesta akajibu kabla yetu: "Huyu mama miaka kumi na tisa hajapitisha hata mchanga." Akaishia hapo. Macho yote kwa Odeta.

Odeta kasema, mwalimu, mimi nachambua vizuri, Mungu anaona. Kaambiwa unaimba, una mtoto mgongoni, akili yako itakuwa kwenye maharage saa ngapi? Aende nyumbani, Jumatatu aje ofisini. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia.

Mimi nikainamia ungo wangu. Na niliona nafuu. Naandika kama ilivyokuwa. Kosa likiwa la Odeta, mwezi wangu bado upo.

Jumapili, 9 Februari 2025

Sijui nianzie wapi.

Baada ya kanisa Precious kapika. Nikala ugali na mchicha, nikasukuma sahani. Kimoyomoyo nasema, leo mtoto huyu kaninyima mboga. Akauliza, "Mama, mbona sangara umemwacha?" Sangara gani? Nikadhani utani. Akageuza sahani, upande wa kushoto ukaja kulia. Kipande kizima cha sangara. Kilikuwepo muda wote.

Halafu kasema — mama, na hili daftari lako, sijalisoma, nimelifunika tu. Ila unaanza kuandika katikati ya ukurasa. Huku kushoto kote kweupe.

Nikachukua ungo. Nikamwambia atie maharage, achanganye mawe kumi. Nikachambua taratibu kwa bidii yangu yote. Nikatoa manne, nikaona pako safi. Akageuza ungo. Sita yamekaa pale, makubwa, hata mtoto mdogo angeyaona.

Macho hayaumi. Giza hakuna, ila vya upande wa kushoto vinanipotea. Hilo ndilo linanitisha, sioni kwamba sioni. Kumbe na mlango ni hivyo hivyo. Na maharage ya Ijumaa. Odeta hakuacha jiwe hata moja, maskini.

Precious kauliza, utamwambia mwalimu? Nikamwambia akaoshe vyombo. Nilimjibu vibaya. Hana kosa. Lakini nyumba hii tangu baba yake afariki inakula kwa mikono yangu tu. Kazi nzito siwezi. Sasa na ile nyepesi kumbe siwezi. Baada ya hapo iko kazi gani?

Jumatatu, 10 Februari 2025

Niko kwenye benchi nje ya ofisi. Ukurasa nimeushikilia kwa kidole huku kushoto, ndiyo najua pa kuanzia.

Mwalimu Nkwabi kanipa karatasi. Kasema ni utaratibu tu, imeandikwa maharage yenye mawe yalichambuliwa na Odeta. Weka sahihi hapo chini, mama, rudi jikoni kwako. Na ule mwezi tutahesabu umeshaisha, umeonekana mwaminifu. Nikaomba nikasome nje kwanza, akasema haya. Nimeisoma yote kwa kuigeuza geuza. Jina la Odeta limo mara tatu. Langu moja, pale pa sahihi.

Odeta mwenyewe yuko hapa. Kasema, "Mama shikamoo. Hii ya pili nakuamkia." Sijui alikaa saa ngapi hapa ubavuni kwangu, kushoto. Mtoto ana joto kidogo, kamfunga kitenge mpaka kichwani. Nikamwitikia marahaba, nikauliza kanywa dawa? Kanywa.

Hana hasira hata chembe. Karatasi kaionyesha kwa kidevu, kauliza ndiyo ya kunitetea? Nikaisogeza chini ya daftari. Kasema tangu Ijumaa halali, ila akikumbuka tulikaa wote anapata amani. "Wewe ulikuwa unaniona, mama. Wengine walikuwa kwenye moshi. Wewe utawaambia."

Nikasema ehe. Basi. Ehe tu.

Mlango umefunguliwa. Mwalimu Nkwabi kasimama hapo na miwani mkononi, anauliza umemaliza, mama? Amerudia tena. Anataka na kalamu yake, ndiyo hii ninayoandikia.