Watu wa Udongo Hula Nini?

Jumapili, baada ya alasiri. Shela.

Leo upepo umevuma tangu asubuhi na mchanga umeingia hadi kitandani. Nimefagia chumba mara mbili, nimepiga pasi nguo ambazo hazina safari, nimefungua daftari na kulifunga. Mama ameniuliza kama naumwa. Siumwi. Sina raha tu.

Ni kwa sababu ya mchezo. Najua wapo watakaocheka, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mwenye kazi yake ya mapokezi katika nyumba ya wageni, anakosa raha kwa ajili ya mchezo. Chekeni. Kila Jumamosi alasiri tunakaa watu wanne kwenye ukumbi wa juu hapa kwetu. Mimi ndiye msimulizi: naeleza mahali tulipo na hatari iliyopo, wenzangu wanasema watu wao wanafanya nini, kisha dadu inaamua kama wamefaulu au wameumia. Ulimwengu wenyewe nimeubuni mimi, na sina kitu kingine ninachoweza kusema ni changu namna hiyo.

Katika ulimwengu huo watu wametokana na maji, upepo, udongo au moto. Mwanzoni niliwaita makabila. Mwende akaniomba nitafute neno jingine, akasema makabila tunayo ya kutosha, basi sasa ni jamii. Watu wa moto niliwatoa kabisa baada ya Mama kusikia tukiwataja, akapanda ngazi na mwiko mkononi kuniuliza, "Yeo mwaita majini nyumbani kwangu?" Kwake yeye, aliyetokana na moto ni jini tu. Zikabaki jamii tatu. Shee, binamu yangu anayevusha wageni kwa boti kati ya hapa na Ras Kitau, ni mtu wa maji. Mdogo wangu Maimuna ni wa upepo. Mwende ni wa udongo.

Mwende anafundisha hesabu Amu mjini, katika shule anayofundisha Maimuna pia, na ndiye Maimuna aliyemleta. Kwao ni Kitui, bara. Ana miezi saba sasa anacheza nasi, na sote tunamwita Mwalimu.

Kwamba mchezo hauko sawa nilikuwa nimeshaliona. Kwenye karatasi kila jamii ina pointi kumi. Mtu wa maji anapumua akiwa chini na ni mwepesi. Mtu wa udongo ana nguvu kuliko wote, upanga haupenyi ngozi yake, ila akianguka majini anazama moja kwa moja. Ukijumlisha, hakuna aliyepunjwa. Lakini nchi niliyoichora ni visiwa vitupu. Hazina iko chini ya maji, adui anatokea majini, hata soko nimeliweka juu ya maboti yaliyofungwa pamoja. Kwa hiyo Shee anapiga mbizi, Maimuna anaruka, na Mwende anabaki kulinda mizigo. Miezi saba analinda mizigo.

Wiki nzima nilikuwa narekebisha. Watu wa udongo nikawaongezea pointi mbili za nguvu. Watu wa maji nikawapa udhaifu: wakishinda nchi kavu kutwa nzima bila kulowa, wanaanza kudhoofika. Shee alipoambiwa alinuna na hakugusa mahamri, jambo ambalo si la kawaida kwake. Mimi nilijiona fundi. Jana kabla hatujaanza nikampa Mwende daftari langu, nikamwambia, Mwalimu, hebu nikagulie hesabu.

Alizipitia, akasema ziko sawa. Kisha hakunirudishia daftari. Alianza kufunua kurasa za mbele, ambako nimeandika jamii zenyewe ni watu gani, na mimi nikawa namimina chai huku nikingoja kusifiwa.

Watu wa maji nimewaandikia kurasa kumi na moja. Wanavyosalimiana, wanavyooza binti, wanachopika siku ya harusi, wanavyomwimbia mtoto alale, wanavyozika. Watu wa upepo wana kurasa sita. Watu wa udongo wana mstari mmoja na nusu, ambao naunakili hapa kama ulivyo, maana nikiurembesha nitakuwa najidanganya.

"Wazito. Wana nguvu. Hawaongei sana. Hawajui kuogelea."

Mwende aliinua macho, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa watu wangu hula nini?"

Shee akasema, "Mawe." Tukacheka. Mwende naye alicheka, na nataka niliandike hilo, kwa sababu tangu jana nimekuwa nikilitumia kujituliza. Tukacheza kama kawaida. Alipoondoka aliiacha karatasi ya mtu wake mezani, na hajawahi kuiacha hata siku moja. Nilimtumia ujumbe kumwambia ameisahau. Ameusoma. Hakujibu.

Leo asubuhi nikajaribu kuwaandikia watu wa udongo kurasa zao. Nikaandika kwamba ni wachapakazi, wanapenda pesa, hawana muda wa kukaa na kuzungumza. Kalamu ikasita. Hayo nimeyasikia barazani tangu utotoni, yakisemwa juu ya watu wa bara. Nikafuta. Nikaandika kwamba ni wakarimu na wana ngoma za kupendeza, halafu nikaona hayo ndiyo wageni wa pale kazini huyasema juu yetu sisi, na huwa yananiudhi. Nikafuta tena. Nikarudi kuusoma ule mstari mmoja na nusu, mara tatu, mara nne. Niliuandika jioni ile Mwende alipokuja kwetu kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimebuni kitu. Nilikuwa nimemwangalia akipanda ngazi zetu taratibu na mkoba wake wa vitabu, akaketi, akanyamaza, na nikaandika nilichodhani nimekiona.

Naona haya.

Adhuhuri ilipopita nikavaa buibui, nikachukua daftari. Mama akauliza, "Wenda wapi na yua lote hili?" Nikamwambia naenda Amu, narudi sasa hivi. Maji yalikuwa yamekupwa, nikaenda kwa miguu ufukweni, nikipanga maneno njia nzima. Nia yangu ilikuwa nimwombe Mwende awaandike yeye watu wa udongo. Anieleze kwao wanakula nini, wanaimba nini, wanamlilia vipi maiti wao. Nilikuwa najiona namletea heshima kubwa.

Nilimkuta kwake, ametoka kanisani, bado ana gauni lake la kitenge, anachambua maharagwe kwenye sinia. Hakushtuka kuniona. Alinipa kigoda, akanisogezea fungu langu, tukawa tunachambua wote wawili. Nikayasema yangu yote kwa pumzi moja.

Akasema hawezi kuandika.

"Chakula cha kwetu ningekuandikia hata kurasa ishirini, Zuhura. Lakini nani alikwambia mimi nataka kuwa udongo?"

Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika. Alinieleza kwamba kuja Lamu aliomba mwenyewe, na walimu wenzake walimwona amerukwa na akili. Mto wa kwao huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na tangu mdogo alitamani kuishi mahali ambapo maji hayaishi. Kuogelea anajifunza, ana rafiki anayemfundisha siku ambazo bahari imetulia, na sasa anaweza kuelea. Kuongea anaongea sana tu, liulize darasa lake. Kwetu hunyamaza kwa sababu sisi watatu tukishakolea Kiamu chetu hapati hata nusu, na anaona aibu kutusimamisha kila mara. Siku ile ya kwanza alikuja na mtu wake kichwani tayari, mwanamke wa maji, ana jina na ana kisa chake. Amekaa naye miezi yote hii akilinda mizigo yetu.

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umeshanijazia karatasi."

Ni kweli. Shee nilimwuliza anataka kuwa nani. Maimuna nilimwuliza, akabadilisha mawazo mara tatu, nikamngoja. Mwende nilimkabidhi karatasi iliyojazwa, tena nikajiona mwema, kwamba nimemrahisishia mgeni.

Nilimwomba radhi. Akasema ni sawa, kwa namna ambayo sijui kama ni sawa. Jina la yule mwanamke hakunitajia, nami sikuthubutu kuliulizia. Sikumwuliza kama atakuja Jumamosi. Nilimaliza kuchambua fungu langu, nikaaga.

Sasa nimerudi, nimetembea ukumbini hadi Mama amenifukuza. Nimempigia Shee kumwambia huenda wakawa wawili wa maji. Amesema itakuwa si haki, mchezo utalalia upande mmoja, na isitoshe yeye ameshapewa udhaifu. Hakukosea. Wakiwa wawili kila tatizo nililopanga litatatuliwa kabla chai haijapoa, na watu wa udongo hawatakuwa na mtu. Itabidi nichore nchi upya, isiwe visiwa vitupu, na mahali pakavu pa kusimulia sipajui, sijawahi kulala hata siku moja mahali ambapo bahari haisikiki. Nitakosea. Nitauliza, nitakosea tena.

Jumamosi nitaweka karatasi tupu mahali anapokaa Mwende. Akija nitamwuliza, na nitamngoja kama nilivyomngoja Maimuna. Asipokuja nitajua sababu, na sitakuwa na wa kumlaumu.

Kinachoniuma ni kwamba nchi ile niliibuni mimi. Hakuna aliyenipangia. Ningeweza kumpa Mwende chochote, mabawa, bahari nzima, na nilimpa kile kile anachopewa kila anaposhuka kwenye boti pale jetini: jina la mtu wa bara.