Katani za Mpakani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Buger tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama kweli uovu huleta mauti, mbona waovu wa huko mjini wananenepa?

Mimi nilikuwa mwovu, ila sikunenepa. Miaka ya sabini, jirani yetu Mama Paulina alipolazwa, niling'oa katani za mpaka nikazipanda ndani ya shamba lake. Mvua iliponyesha, zikachipua tena kutoka mizizi iliyobaki palepale pa zamani, katikati ya maharage yangu, kila mtu azione. Chakula kikagoma kupita kooni.

Alipopona akaja, akaziona, akacheka hadi akakaa chini.

"Katani zina kumbukumbu kukushinda! Lete jembe tuzirudishe."

Jioni nilikula ugali kwake kama mfu aliyefufuka.

Ule vizuri huko.

Bibi yako