Kinu cha Nakhumicha Kimetoka, Baba Waceke

Mwaka umetimia, Baba Waceke, tangu utuache asubuhi ile ya mvua, chai yako ikiwa bado mezani kando ya kitanda. Watoto wamesema tangazo hili niandike mimi, ati mimi ndiye ninajua kukugombeza. Basi nitaandika, lakini nimechoka, kwa hivyo usinihesabie makosa.

Ulikuwa mtu wa vyuma. Mafundi wengine hapa Huruma wanatengeneza majiko, masanduku na mageti. Wewe ulitengeneza vitu ambavyo wenyewe walikuwa wameshavikatia tamaa. Mashine za kutafutia dhahabu za zamani za wakoloni, zilizoachwa porini kule Kakamega na Migori, nyasi zimeota ndani. Mtu analeta mashine imekosa nusu ya viungo vyake, walioiunda walishakufa, spea haipatikani mahali popote, na wewe unasema tu, "Wacha hapo, tutaona." Halafu unaanza kuizunguka. Ukiitwa chakula husikii. Kile kipande kilichopotea unakitengeneza mwenyewe, na tupa na moto, mpaka kinaingia mahali pake. Aki wewe! Mtu angedhani wale wazungu walikuandika kazi kabla ya kurudi kwao.

Ulianzia kwa mashine za posho kule Moi's Bridge, tukiwa tumekodi shamba la mahindi. Mahindi ulilima vibaya, wacha niseme ukweli. Muigai, kijana wetu, ndiye analima huko sasa, na analima vizuri kukushinda.

Ulikuwa mpole, na upole wako ulinikasirisha. Ulipofungua mashine kuukuu ya mtu, ulipiga brashi kila ufa juu ya karai, ukaosha lile vumbi polepole, na ile chembe ya dhahabu iliyobaki chini ukaifunga kwa karatasi ya nailoni ukamrudishia mwenyewe. Nilikuambia, "Baba Waceke, hata hajui iko!" Ukanijibu, "Lakini mimi najua." Nililala nimenuna siku hiyo. Nilinuna mara nyingi, na hukuwahi kuniuliza nimenuna nini. Ulileta tu chai.

Kilichonichosha mwaka huu si matanga. Watu walikuja, wakaimba, wakatuombea, Mungu awabariki. Kilichonichosha ni hodi. Wateja wako wanakaa machimboni, simu hazishiki, habari haziwafikii. Kwa hivyo wanakuja tu, chuma kwenye gunia, wanabisha geti: "Hodi! Fundi yuko?" Mimi ninapangusa mikono, ninatoka, ninasema, "Fundi alituacha." Mtu anashika kichwa. Ananiuliza ilikuwaje, ninamwambia. Ninampa chai. Akishaenda ninarudi ndani nikiwa nimekuzika tena. Wiki ikipita, mwingine huyo, kutoka Pokot. Woi, Baba Waceke, ni mwanamke gani amezika mume mmoja mara nyingi hivi?

Nikasema basi. Vyuma viuzwe, banda lirudishiwe mwenye ploti, geti lifungwe, mimi nipumzike.

Lakini ndani ya banda kulikuwa na kinu cha Mama Nakhumicha. Unakikumbuka, si ndicho ulikuwa unakitaja hata ukiwa na homa? Kile cha baba yake, chenye michi mitano ya chuma ya kuponda mawe ya dhahabu. Uliniacha nacho kikiwa kimekamilika isipokuwa ile mikono miwili iliyopinda, inayozungushwa na shafti ili inyanyue mchi na kuuachia uanguke. Mitatu ulimaliza. Miwili hukumaliza.

Mama Nakhumicha naye alikuja bila kusikia habari. Nilipomwambia, alikaa chini pale mlangoni na kitambaa chake kichwani. Halafu akasema, "Mama, sikuja kukusumbua. Kama haiwezekani tena niambie tu, nitawaambia wenzangu tuendelee na mikono." Unajua wale akina mama wa kikundi chake wanaponda mawe kutwa na vipande vya chuma, vumbi lote linaingia kifuani. Alikohoa akiongea. Mikono yake, Baba Waceke, imekuwa migumu hata kikombe anashika na viganja viwili.

Muigai alinivuta kando. "Mum, tuite mtu wa vyuma kuukuu abebe hii kitu. Baba angeelewa." Na mimi nilitaka sana kukubali. Ningekudanganya nikisema sikutaka. Lakini Waceke, binti yako uliyemfundisha kushika tupa kabla hajajua kushika mwiko, akasema, "Baba alimuahidi huyu mama. Hakuna mtu anabeba." Nikamwangalia, nikaona ni wewe umesimama hapo umevaa sketi. Nikampa ufunguo wa banda.

Basi Waceke akaungana na rafiki yako Mabonga, yule wa kuyeyusha chuma. Kila mkono unapinda kivyake, kwa hivyo walichukua ile miwili ya zamani, wakaikandamiza kwenye mchanga, wakapata umbo, wakamimina vyuma vya breki vilivyoyeyushwa. Ikatoka mizuri, inang'aa. Mabonga akaanza kujigamba kwa majirani. Wakaifunga, wakawasha injini. Michi mitatu yako ikapanda juu na kushuka kwa kishindo. Ile miwili yao ikainuka kidogo tu, ikarudi chini kivivu, jiwe halikupasuka hata moja. Wakaikaza, wakaibadilisha, wakalaumu injini. Mabonga akalaumu hata mkaa. Kikundi kikaendelea kuponda na mikono.

Nilikuwa nimebeba nguo za kuanika. Nikawauliza, "Na nta mmeweka?" Wakaniangalia. "Nta gani, Mum?" Ngai! Ile nta iliyoniharibia sufuria zangu zote, nitaisahau vipi? Wewe hukuwahi kunakili chuma kilicholika jinsi kilivyo. Uliyeyusha mishumaa jikoni mwangu, ukakirudishia nyama kwanza kwa hiyo nta, pale kilipolika. Ulitafuta mahali ambapo hapajawahi kusuguliwa, pale chini ya bolti, ukafuata mstari wa pale mpaka ukafika nje, na hapo ndipo ukapima. Nilipolalamika ulisema, "Mama Waceke, nikipima ugonjwa nitatengeneza ugonjwa. Napima vile kilikuwa kikiwa kizima." Wao walinakili mikono iliyochakaa miaka na miaka, wakaizaa upya na uchakavu wake wote. Mabonga alicheka mpaka akakohoa. Waceke hakucheka. Alikuja jikoni, akaomba sufuria. Nikampa ile nzuri.

Na mimi niliingia chumbani nikalia. Kwa sababu mwaka mzima nimekuona ukiwa kitandani tu. Nikifunga macho, ni ile mikono yako iliyoisha, nikikulisha uji na kijiko, ukiomba msamaha kwa kunisumbua. Kila aliyebisha geti nilimsimulia yule mgonjwa. Siku hiyo nilijilazimisha nikutafute mwingine. Hukuja haraka. Lakini ulikuja: uko Moi's Bridge, umebeba jiwe la kusagia la mashine ya posho begani, jasho limejaa shati, unanicheka kwa sababu nimekuambia utavunjika mgongo. Huyo ndiye mume wangu. Nilikuwa nimemsahau, na inaniuma kwamba nilimsahau.

Kinu kimetoka, Baba Waceke. Michi yote mitano inapanda sawa. Kilipojaribiwa, majirani walitoka nje wakidhani nyumba inaanguka, na yule mama wa chips akatutusi kama alivyokuwa akikutusi wewe. Muigai alikuja kutoka shambani na trekta kusaidia kupakia. Mama Nakhumicha alikishika kile kinu na viganja vyote viwili, akaomba Mungu kwa Kiluhya. Sikuelewa maneno, lakini jina lako nililisikia. Ametuma ujumbe kwamba akina mama wake sasa wanaketi, mashine inaponda. Kifua chake bado, lakini usiku analala.

Banda likabaki wazi. Nikafagia. Nikamwambia Waceke, sasa tumemaliza deni la Baba yako, mwisho wa mwezi turudishe ufunguo. Akasema, "Sawa, Mum." Nikashangaa amekubali upesi hivyo.

Juzi nilikuwa nachambua sukuma wiki, nikasikia geti. "Hodi! Fundi yuko?" Nikainuka, nikapangusa mikono, nikapanga yale maneno mdomoni. Kabla sijafika, sauti ikatoka ndani ya banda, katikati ya mlio wa tupa.

"Yuko! Leta nione."

Nikarudi nikakaa. Yule mtu akapita na gunia lake, akanisalimia, "Shikamoo Mama," na hakuniuliza kitu kingine chochote. Nimemaliza kuchambua sukuma yangu yote, Baba Waceke, bila kukuzika.

Ufunguo hatujarudisha.

Tutakusanyika nyumbani Jumapili baada ya ibada, kwa sala na chai. Mnaomjua mume wangu, Mzee Gathogo, karibuni. Mnaoleta vyuma, njooni siku ya kazi.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Waiyego; watoto wako Waceke na Muigai; mkaza mwana wako Jebet na wajukuu; ndugu yako Njenga wa Kesses; rafiki yako Mabonga; na Mama Nakhumicha pamoja na kikundi chake, ambao wameomba waandikwe kama jamaa, nasi tumekubali.

Pumzika, Baba Waceke. Tutakukumbuka siku zote, ukiwa mzima.