Neno Moja Kwenye Faili la Babu

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama. Babu haogi akiwa amefunga mlango. Hata chooni hafungi. Mama anadhani napenda kusomea koridoni kwa sababu kuna upepo. Ukweli ni kwamba niko zamu. Nakaa kwenye kigoda na kitabu changu, mgongo nimempa Babu, na mtu akikaribia nakohoa. Hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa darasa la nne alipohamia kwetu. Wiki ile ile nilimkuta anahangaika na komeo kwa ndani, anahema kama mtu anayezama. Tangu hapo nimekuwa mlinzi.

Ninaandika hili leo kwa sababu faili lake la jeshini halina neno "mateka". Lina neno "mtoro".

Alikamatwa vitani. Alikaa mateka karibu miaka miwili. Vita vilipokwisha waliwafungulia, akarudi kwa miguu mpaka kambini kwake, na wenzake wakampokea kwa pingu. Miezi mitatu lokapu, halafu wakamfukuza jeshi. Aliniambia mara moja tu: "Wale walinifunga kwa sababu nilikuwa adui. Hawa wa kwetu sikujua walinifunga kwa sababu nilikuwa nani."

Leo wamepiga simu. Bodi ya kurekebisha kumbukumbu itamsikiliza tarehe 19. Ni mara moja tu, hakuna rufaa. Mama akauliza kama kuna pensheni. Babu akasema hataki pensheni, anataka neno lile litoke akiwa hai. Mama akasema na pensheni nayo haichukizi.

Nitakwenda naye. Sikio lake la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linataka mtu wa karibu. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina langu nalijibu kwa kunong'ona, nitasema mbele ya bodi.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi amekuja kumnyoa Babu, kama kila Jumamosi. Naye namwita babu, ingawa si ndugu. Walikuwa kikosi kimoja na walikamatwa siku moja. Ana saluni yenye viti vitatu na vijana wanaomfanyia kazi, lakini yeye humnyoa Babu kwa mkono wake mwenyewe, hapa uani, na hajawahi kuchukua hata senti.

"Profesa, hicho kitabu kina picha?"

"Hakina, babu."

"Basi umepunjwa. Karudishe."

Kisha akamgeukia Babu, akasema ndevu zake zimebaki tatu na zote kaidi kama mwenyewe. Babu akamwambia anyoe, aache siasa. Nawapenda wakiwa hivi.

Nikamwambia kuhusu bodi. Wembe ukasimama hewani. Halafu akasema, "Nitakuja kutoa ushahidi. Nisipokuja mimi atakuja nani?" Nilitaka kumkumbatia, ila mimi si mtu wa kukumbatia watu. Yeye ana nishani ya waliokuwa mateka. Miezi mitano, kisha mataifa yakabadilishana wafungwa, akarudishwa. Kwenye faili lake kila kitu kimenyooka. Mtu kama huyo watamsikiliza.

Babu hakushukuru. Alisema tu, "Uje na uliyonayo." Sikuelewa.

Jumanne, 11 Machi

Ofisini. Foleni mpaka nje. Benchi lenye mguu mmoja mfupi, kila mzee akikaa wengine wanainuka kidogo. Mama wa dirisha namba tatu anakula karanga kutoka kwenye droo na kuongea na mimi kana kwamba Babu ni mzigo niliouleta.

"Binti, mweleze mzee wako. Kumbukumbu zinaonyesha alirudishwa."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Baada ya miezi mitano wafungwa walibadilishwa darajani. Majina yalisomwa, kila aliyeitwa akaitika, akavuka, akapanda gari. Jina la Babu liliitwa, mtu akaitika, wakaweka tiki. Magari yalipofika kambi ya upande wetu, Babu hakuwemo. "Kwa hiyo alishukia njiani," akasema, kama mtu anayezungumzia abiria wa basi.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Kwa mujibu wao, Babu alikombolewa, akakimbia, akajificha zaidi ya mwaka, halafu akarudi na hadithi.

Akasema bodi haitakuwa na shida kumpa ile miezi mitano. Mateka miezi mitano, iliyobaki inabaki utoro. Wazee wengi wanaridhika.

Nikamrudishia Babu sikioni. Akasema, "Mtu hawi mtoro nusu."

Nikauliza kama orodha inaweza kuwa imekosea. Nilinong'ona, ikabidi nirudie. Mama wa dirishani akapangusa maganda mezani na kusema orodha haina sababu ya kusema uongo.

Kinachoniumiza ni hiki: Babu hakushangaa. Njia nzima uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa barua anayoijua. Mimi ndiye niliyeshangaa peke yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemuuliza. Alikuwa anapiga pasi sare yangu. Hamruhusu mtu mwingine aipige, anasema sisi wengine tunapiga pasi kama tunafukuza nzi. Nikakaa upande wa sikio zima, nikasema: jina lako liliitwa, nani aliitika?

Hakuinua kichwa. Alimaliza kola kwanza.

Alisema siku hiyo alikuwa kwenye kibanda cha wagonjwa, ana homa, hajitambui. Alipozinduka wenzake walikuwa wameshaondoka. Mlinzi akamcheka, akamwambia, wewe umeshakwenda nyumbani, tumekuhesabu. Kwa kuwa walikwisha kumhesabu, hawakumwandika tena popote. Mwaka mzima na zaidi alikuwa mtu asiyekuwepo. Chakula chake kilikuwa kile ambacho wengine waliacha. Kulikuwa na chumba hakina dirisha. Hapo akageuza suruali.

"Aliitika rafiki yangu," akasema. "Jina lake halikuitwa siku ile. Aliona langu linakwenda bure."

Nikasema jina la utani tu: Kinyozi?

"Alivuka kwa jina langu. Alipofika kambini akatoa lake, akasema karani alimsahau. Wakamwandika. Langu likabaki hewani."

Kumbe anajua siku zote. Kila Jumamosi analaza shingo yake, anamwachia yule mtu wembe, na anajua. Nikamuuliza kwa nini. Nililia, naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Akasema hasira alikuwa nayo, nyingi, ila alichoka kuibeba. Akasema Kinyozi alimtafuta mwenyewe baada ya vita, akaanza kumnyoa, na hajakosa wiki. "Anakuja kuniambia. Kila wiki anakuja kuniambia, halafu ananyoa, halafu anaondoka."

"Basi mtaje, Babu."

"Nikimtaja mimi, ni neno la mtoro. Nataka aseme mwenyewe."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nimeapa. Nimejuta kabla sijafika chumbani.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja. Amenyoa. Kaniuliza kitabu cha leo kinahusu nini. Nikasema vita. Akasema, "Usivisome sana, Profesa, vinaharibu usingizi."

Sikucheka. Alisubiri nicheke.

Namchukia. Naona ajabu jinsi mtu anavyoweza kumchukia mtu na bado kumletea maji ya moto na taulo.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudi, nimevua viatu, ninaandika kabla Mama hajaniuliza.

Chumba kidogo. Wanabodi watatu, mwenyekiti ni mwanamke mwenye miwani ya kuning'inia. Niliomba mlango uachwe wazi. Niliomba kwa sauti. Mwenyekiti akatazama mlango, akamtazama Babu, akasema uachwe. Nilidhani huo ni mwanzo mzuri.

Walimuuliza Babu alikuwa wapi baada ya lile daraja. Mimi nikimwinamia na kumrudishia, yeye akijibu. Gerezani. Gereza gani? Halina jina, lilikuwa kiwanda cha matofali. Lipo bado? Liliungua. Nani alikuona? Waliokuwa wakinilinda. Mmoja wao akatabasamu kidogo na kuandika.

Halafu Kinyozi. Suti ya kahawia, nishani kifuani, nywele kazipaka mafuta. Nilimtazama mdomo. Niliomba, kweli niliomba, macho wazi.

Akasema: "Jina lake liliitwa. Akaitika. Nilimwona kwa macho yangu akipanda gari la mbele. Baada ya hapo sikumwona tena."

Mwenyekiti akamwambia kwamba jina lake yeye halimo kwenye orodha ya darajani. Akajibu bila kusitasita: karani alimruka, alijieleza kambini wakamwongeza. Mwenyekiti akasema, ndiyo, mambo hayo yalitokea. Akageuza ukurasa. Mtu mmoja hakuwemo kwenye orodha akafika, mwingine alikuwemo hakufika, na watu watatu wenye miwani na kalamu wakageuza ukurasa.

Babu akanigusa goti. "Amesema nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, sikupunguza. Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa kwamba duka limefungwa.

Alipoulizwa kama ana la kujibu, akasema hana. Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe binti, una la kusema?" Babu akanitazama. Nikasema hapana. Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Siku moja maishani mwangu nimesikika vizuri, na nilikuwa nasema hapana.

Wakasema nyongeza yoyote, kutoka kwa shahidi yeyote, ipelekwe dirishani kabla ya Jumatatu saa kumi jioni. Baada ya hapo faili linafungwa moja kwa moja. Kwa hali ilivyo, miezi mitano watampa. Neno linabaki.

Nje Kinyozi alimshika Babu mkono kumsaidia kushuka ngazi. Babu akamwacha amsaidie.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu wa historia aliuliza nani ana jamaa aliyepigana vitani. Mikono mitano. Wangu haukuwemo.

Babu amepiga pasi sare yangu tena. Mikunjo imenyooka mpaka inakata.

Ijumaa, 21 Machi

Mama anasema miezi mitano ni afadhali kuliko kutopata kitu, tumshukuru Mungu na tumshukuru yule mzee aliyejitolea ushahidi. Anataka kumpelekea zawadi. Nikaenda kukaa koridoni, ingawa Babu hakuwa bafuni.

Jumamosi, 22 Machi

Nilidhani hatakuja. Saa tatu kamili geti likagongwa. Mkoba ule ule, hana suti, hana nishani. Mama akampokea kwa mikono miwili, akamshukuru mpaka yule mzee akaanza kutazama viatu vyake. Kisha Mama akaenda sokoni.

Babu alikuwa ameshakaa kwenye kiti uani. Akalaza kichwa nyuma, akafumba macho.

"Mke wangu," akaniita, kama anavyonitania siku zote, "lete maji."

Nikaleta. Kinyozi akachovya brashi, akampaka povu mashavuni na shingoni.

"Profesa, leo huna kitabu?"

Nilikuwa nafikiri juu ya kiapo changu. Niliapa nisimwambie mtu. Lakini yeye anajua tayari, anajua kuliko mimi, kwa hiyo kumwambia yeye si kumwambia mtu. Nililigeuza jambo hili usiku mzima na sikuona kosa ndani yake.

Nikanyoosha mkono. "Nipe wembe, babu."

Akacheka kidogo. "Unataka ufundi wangu?"

"Nipe. Nitamnyoa mimi."

Akaacha kucheka. Nikasema, na nilisema kwa sauti ile ile iliyonitoka kwenye bodi: "Wanapokea nyongeza mpaka Jumatatu saa kumi. Dirisha namba tatu. Ukienda asubuhi foleni ni fupi."

Alimtazama Babu. Koo la Babu lilikuwa limeinuka, povu linashuka taratibu kuelekea kwenye kola. Sijui alisikia nini.

"Nilikuwa na mke mjamzito," Kinyozi akasema. Alisema chini sana. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Babu alikuwa na ishirini."

Nilidhani atanipiga, au atafunga mkoba aondoke. Badala yake akaugeuza wembe, akanipa upande wa mpini. Hakukaa, hakuondoka. Alichukua taulo, akalishika kwa mikono yote miwili.

Sijawahi kumnyoa mtu. Niliivuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba, kama nilivyomwona yeye akifanya miaka yote hii, nikashusha wembe polepole. Ulifanya sauti ndogo. Babu hakufumbua macho. Nilipomaliza shavu la kwanza nikafuta povu kwenye wembe, nikazunguka upande wa pili wa kiti, nikaanza la pili.