MAELEZO YA SHAHIDI: MLANGO WA NYUMA WA GHALA LA MAHINDI, GULWE

Jina: Elisha Ntahondi. Umri: miaka 44. Elimu: darasa la tano. Kazi: kibarua wa kubeba mizigo. Makazi: Gulwe, karibu na stesheni. Kwetu ni Kasulu, Kigoma.

Mnamo tarehe 14 Julai 2025, saa mbili asubuhi, nilifika ghalani na mwenzangu Lameck Chidawali. Ghala lina milango miwili, na kila mlango una simu yake ya kuomba ruhusa. Karani anabonyeza; ikitoa nyekundu hatuingii, ikitoa kijani tunaingia. Mwenye ghala alishasema neno la mtu halifuatwi pale, inafuatwa rangi.

Mbele simu ilitoa nyekundu. Tukazunguka nyuma, ndivyo tunavyofanya siku zote, huku kukikataa tunajaribu kule. Karani wa nyuma ni Yudith. Lameck akamwambia, "Dada, wa mbele wametunyima." Yudith akabonyeza, akasita, akabonyeza tena. Kijani.

"Haya kaka, ingieni."

Mimi nilisikia harufu kama ya kitunguu saumu, nikasema. Lameck akacheka: "Wewe Muha, njaa hiyo! Unanusa mboga saa hizi?" Akaingia. Mimi nilikuwa bado nakunja gunia la kuweka begani. Nikasikia kishindo, ameanguka. Nilimshika miguu nikamvuta nje. Yuko hospitali, hajasema neno mpaka leo. Yudith mnaye humu mahabusu.

Fundi wa kompyuta, Gaudence, alinieleza, ila sikumwelewa vizuri. Anasema mashine kuu ya ofisini ilijua kwamba ndani imewekwa dawa ya wadudu, ndiyo ile harufu niliyoinusa, lakini yenyewe inatunza habari tu, simu za milangoni zinauliza kwake. Kukataza ilifundishwa simu ya mbele. Ya nyuma ilikuja baadaye, haikufundishwa. Anasema katazo lingewekwa kwenye mashine kuu, simu zote zingekataliwa hapo.

Nikamuuliza, "Inajua kuna sumu, inanyamazaje?"

Akasema, "Mzee, hakuna aliyeiambia ikatae."

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ghala ni moja, sumu ni ileile. Mnaniuliza nani aliruhusu. Sijui. Yudith alisoma rangi kama tulivyoagizwa wote.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, sina mengine.

Sahihi ya shahidi: E. Ntahondi

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa, amekubali ni sahihi. Baada ya kusaini alifika mlango wa kituo, akarudi, akaomba iongezwe kwamba dawa bado imo ghalani, na alipopita hapo leo asubuhi simu ya nyuma ilikuwa bado inatoa kijani.