Nani Anakunywa wa Kwanza Kwa Mama Masika

Butembo, Jumapili tarehe 14 Novemba 1965. Asubuhi ukungu mzito, mlima wa misioni hauonekani. Baridi. Mvua bado.

Mama,

Kila asubuhi naandika tarehe na hali ya hewa, kisha mambo ya siku. Leo kalamu imesimama baada ya hali ya hewa. Mambo ya jana nina mtu mmoja tu wa kumwambia, na mtu huyo ni wewe.

Matanga yako tumeyamaliza wiki hii. Mama Kahindo jirani alinisaidia kukamua ndizi. Alinigombeza sawa na wewe: "Masika, weye unakamua ama unabembeleza?" Tukatia unga wa mtama uliokaangwa, tukafunika mtumbwi wa mbao kwa majani ya migomba, tukangoja. Kasikisi, pombe yetu ya ndizi, ilitoka nzuri. Watu wakanywa, wakasema ni kama yako. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia, kwa sababu si kama yako, na wote walijua.

Jana mkuu wa shule aliniita. Amefika mkaguzi mpya wa shule, Bwana Ilunga, mtu wa Katanga, naye alitaka mwalimu wa hapa amwonyeshe mji: wapi wanakula vizuri, kuna nini cha kutazama, na divai nzuri inapatikana wapi. Nilikubali. Nani angekataa? Nilipotoka nje nikaona jeep ya serikali, na mwenye kushika usukani ni yule sajini.

Yule, Mama. Aliyesimama mlangoni kwetu mwaka jana, waasi walipokwisha kukimbia.

Nilitaka kusema naumwa. Lakini Bwana Ilunga alikuwa ameshuka kunifungulia mlango, akisema, "Mademoiselle, leo weye njo chef, njo mukubwa, sisi tunakufuata." Nikapanda. Sajini hakugeuza kichwa. Sikujua kama amenitambua. Mimi nilimtambua kwa shingo tu.

Nikafuata mpango wako. Ulikuwa unasema, "Mugeni, kwanza tumbo, kisha macho, mwisho koo. Ukigeuza, ataona mambo mbilimbili." Kwa hiyo kwanza tumbo. Niliwapeleka kwa yule mzee aliyekuwa mpishi wa hoteli ya Wazungu kule Beni, aliyerudi hapa mwaka wa uhuru na sufuria moja, mwaka ule ule wewe ulipotoa viti vyetu nje uuze kasikisi, ukasema nasi tuna hoteli. Alitupa bugali, sombe ya majani ya muhogo, na maharagwe ya Musienene yaliyopikwa mpaka yakawa laini kama siagi. Bwana Ilunga alikula akafungua mshipi. Sajini alikula amesimama karibu na jeep. Mzee aliniuliza kwa Kinande kama nina wazimu, kutembea na mtu huyo.

Kisha macho. Unakijua kile chumba cha misioni wanachokiita musée, makumbusho, ulichoingia mara moja ukatoka unacheka, eti wameweka jiko la mama yako ndani ya kioo. Mikuki ipo, vikapu vipo, kiti cha chifu kipo. Na kibuyu kipo, pamoja na mrija wake, na karatasi ya Kifaransa inayosema hiki ni kibuyu cha pombe ya ndizi. Basi. Niliisoma mara mbili, Mama. Wameandika jina la chombo. Hawakuandika nani anakunywa wa kwanza.

Bwana Ilunga aliniuliza kwa Kifaransa kinatumiwa namna gani. Sajini alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani.

Nilisema: hapa kwetu mgeni hanywi kabla ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anavuta kwanza kwa mrija, mgeni akiwa anatazama, ili aone kwamba hakuna sumu ndani ya kibuyu na hakuna chuki ndani ya moyo. Hachagui mgeni. Aliyekaa kwenye kiti chake anaonjewa, awe padri, awe mwizi. Kunywa pamoja naye si kusema mimi ni wako. Ni kusema tu, hapa kwangu hutakufa.

Nilisema hayo nikitazama kibuyu, nikikuona wewe. Waasi walipokuja wakakaa na bunduki zao na kudai pombe, uliwaonjea kama unavyomwonjea kila mtu. Kuna mtu aliona, akaenda kusema. Sajini alipokuja akakuambia, "Ulikunywa nabo mu kibuyu kimoja. Uko wabo." Nawe ulicheka! Bado nakusikia. "Mais, bwana, mu nyumba yangu nani atakunywa wa kwanza mbele yangu?" Ulidhani umejitetea. Ulidhani kila mtu duniani anajua jambo hilo kama anavyojua jua linatoka wapi. Kumbe kwake ulikuwa umekubali kosa. Wakakupandisha gari, wakakupeleka gerezani Beni. Beni, mji wa joto, na wewe ulirudi na baridi ya sementi kifuani, na kikohozi kilichokaa nawe mpaka mwisho.

Hakuna aliyekuchukia kule, ulituambia. Ni kwamba tu hakuna aliyeuliza kwa nini ulionja.

Tulipotoka musée, Bwana Ilunga alitembea mbele peke yake mpaka kwenye jeep. Kisha akataka kuchangamsha mambo: "Donc, mademoiselle, na koo je? Divai iko wapi?" Nikampeleka kwa Mgiriki mwenye duka, ambaye bado ana chupa chache za divai nyekundu. Bei aliyoitaja ilimfanya Bwana Ilunga airudishe chupa mezani taratibu, kama yai. Mgiriki akacheka, akasema, "Chef, mbona unatafuta hapa? Njo umeleta mutoto wa Mama Masika, unaniuliza mimi divai?"

Basi ikawa hivyo. Mji mzima una jibu moja kwa swali hilo, na jibu hilo ni nyumba yetu.

Niliwakalisha barazani. Nikamimina kasikisi ya matanga, iliyobaki. Mama Kahindo alikuja akasimama kwenye ua wake, mikono kiunoni. Nilivuta mrija mbele ya Bwana Ilunga, nikampa, akanywa, akafumba macho, akasema, "Ah! Ile njo divai yenyewe." Nikakumbuka ulivyotuchekesha njiani kutoka misa: "Ona padri, ye pia anakunywa wa kwanza mbele ya bakristo. Alijifunza kwetu."

Kibuyu cha pili kilikuwa cha sajini. Alikuwa amekaa. Mama, alikuwa amekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya, hakujua. Nilikishika kibuyu. Nilijua ninachotakiwa kufanya, mikono yangu inakijua tangu utoto. Midomo ilikataa. Nilisimama mbele yake na mrija, nikashindwa kuonja. Bwana Ilunga alinitazama, akamtazama yeye, nadhani hapo ndipo alipoelewa.

Sajini alinyoosha mikono miwili, akapokea kibuyu kutoka kwangu. Akasema chini chini, "Mama yako alicheka. Nikazani ananicheka mimi." Kisha akainama akanywa. Kabla yangu. Sikuwa nimeonja, na chuki aliijua ilipo, maana nilikuwa nimeishika usoni mchana kutwa. Akanywa mpaka mrija ukalia chini.

"Yesu Maria!" Mama Kahindo alipiga kelele kutoka uani kwake. "Mugeni anatangulia mwenye nyumba!"

Sajini alinirudishia kibuyu kwa mikono miwili. Akaenda kungoja kwenye jeep.

Niliacha kuandika hapa ili niende misa. Sasa ni usiku, mvua imeanza. Padri alipoinua kikombe leo akanywa kwanza, sikuweza kutazama.

Sijamsamehe, Mama. Sitaki kukudanganya, wewe ulikuwa unausikia uongo wangu kabla sijafungua mdomo. Najua tu kwamba jana kwenye baraza yako mtu alikunywa bila kuonjewa, na tangu ulipotoa viti vyetu nje jambo hilo halijawahi kutokea kwako. Aibu hiyo ni yangu, si yake.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho nikitoka shuleni nitashusha ndizi zilizoiva juu ya jiko. Nitakamua, sitabembeleza. Viti nitavitoa nje, na chako pia. Yeyote atakayekaa nitamwonjea. Yule akirudi, nitaonja mbele yake, hata kama nitatema nyuma ya jiko. Lakini nitaonja.

Lala, Mama. Huko uliko, natumaini kuna mwenye nyumba aliyekutangulia kunywa.

Masika wako.

Nilizima taa saa tatu. Nimeinuka kuandika mstari huu. Sasa ni saa saba, mvua imekatika, na usingizi ndiyo kwanza unanijia.